Kijiti cha Mkono wa Kulia

Mpendwa ndugu yangu Mutiso,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za huko uliko, habari za kazi, na habari za ule mgongo uliokuwa ukikusumbua ukisimama sana? Unalala? Unakula chakula kinachoshibisha, au bado ni ule mkate wa kwenye meli uliosema unafanana na sponji? Sisi huku Muthetheni tu wazima kwa neema, ila ni uzima wa kuchoka. Baba anakula, anaongea kidogo kidogo, na anakasirika vizuri kabisa. Mimi magoti yameanza kulalamika nikipanda kutoka shambani, lakini bado yananifikisha.

Naandika barua hii wazi, mahali mtu yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu namba yako moja haipatikani tangu mwaka jana, na ile nyingine inalia mpaka inakata. Nikajiambia, labda mwenzako wa kazi ataiona akuulize, "Si huyu ni dada yako?" Na nyinyi wengine mtakaoisoma, mnisamehe, mtasikia mambo ya nyumba yetu. Niko na swali moja la rimoti na neno moja la kuomba msamaha, na nimejaribu kuyatenganisha nikashindwa.

Mutiso, unakumbuka lile karai la Mama? Baba alikuwa akija likizo kutoka Mombasa, ana harufu ya dizeli ambayo haikutoka hata akioga mara mbili, nasi tunamng'ang'ania atuonyeshe kazi yake. Watoto wa majirani walijua baba zao wanalima au wanachonga. Wetu alikuwa anaendesha tagi, ile mashua fupi yenye nguvu inayozisukuma na kuzivuta meli kubwa bandarini, na hakuna mtu hapa kwetu aliyekuwa ameiona. Basi anachukua karai, anaweka kiatu chake kimoja kiwe meli kutoka mbali, na kandambili yako ndogo iwe tagi.

"Meli kubwa haijui kujiingiza nyumbani," anasema. "Huko nje iko na nguvu ya kuvuka bahari. Hapa mlangoni ni kama ng'ombe ndani ya jikoni."

Wewe unacheka mpaka unaanguka. Mama naye anatoka mbio, "Mnachezea maji niliyobeba kwa mgongo tangu mtoni? Na kiatu ndani?" Baba anasimama kama mtoto mwenzetu, maji yanamdondoka kwenye viwiko.

Miaka yake ya mwisho kazini, wakati wewe na mimi tuko watu wazima, walipata ile tagi mpya yenye propela mbili chini, kila moja inageuka upande wowote inaotaka. Hakuna usukani wa kuzungusha. Kuna mpini huku na mpini huku, kila mkono na propela yake. Alikuja akatueleza mezani, ameshika vikombe viwili vya chai, kimoja kulia kimoja kushoto, anavigeuza geuza. "Mkono huu ukisahau ule mwingine, mashua inazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wake." Chai ikamwagika kwenye kitambaa cha Mama cha Pasaka. Nilikufulia kile kitambaa wiki nzima, Baba, hukujua.

Samahani, nimeanza kumwandikia yeye. Ndivyo kichwa changu kilivyo siku hizi.

Alipostaafu, akaanza kuzunguka boma kama mtu aliyepoteza funguo. Ni wewe uliyempa kazi. Ulirudi na zile propela mbili ndogo umezifunga ndani ya soksi, kila moja kama kichwa cha mwiko, ukamwambia, "Baba, chonga mwili wa ile tagi yako ya mwisho. Redio ya kuiongoza nitaleta mimi." Nilimwona uso ukifunguka. Alitoa ile tezo ya Babu iliyokuwa imelala darini, akainoa, na kwa miezi minne hatukusikia kitu kingine isipokuwa ko, ko, ko, chini ya ule mti wa jakaranda alioukata tawi lake nene kwa kazi hiyo.

Siku uliporudi likizo aliifunika kwa leso, akatuita. Mungu anajua ilikuwa nzuri. Dohani yake, kibanda chake chenye madirisha, matairi madogo pembeni aliyoyakata kwenye kandambili kuukuu, na kamba ya mbele niliyoisuka mimi kwa katani. Ameipaka rangi ya viatu ya kahawia, akaisugua kwa kitambaa mpaka unaona meno yako. Wewe ukaiinua. Nikaona mikono yako inashuka kwa uzito.

"Baba, na ndani?"

"Ndani ya nini?"

Ukaigonga kwa kidole. Haikulia. Alikuwa ameichonga kama watu wetu wanavyochonga kifaru na twiga tangu zamani, gogo moja, limejaa, hakuna ndani. Mahali pa betri hakuna. Mahali pa mota hakuna. Mzee aliyekaa ndani ya tagi miaka yote ile alisahau kwamba tagi ina ndani, kwa sababu mikono yake iliposhika tezo ilirudi kuwa mikono ya Babu.

Mimi ndiye niliyeanza kucheka, na ninataka iandikwe hivyo. Mimi kwanza, halafu wewe. Halafu ukasema, "Hiki ni kinyago cha kuuzia watalii, si meli." Baba hakucheka. Aliichukua, akaifunika tena kwa leso, akaingia ndani. Siku ya tatu ukaondoka asubuhi, na hakukusindikiza mpaka barabarani kama kawaida yake.

Baada ya wiki chache nikasikia tena ko, ko. Ameanza kuichimba ndani kwa patasi. Sikumuuliza kwa nini. Asubuhi moja ule mlio ukakatika katikati. Nilidhani anapumzika. Nilimaliza kuosha vyombo, Mutiso. Nilimaliza sufuria zote ndipo nikaenda kumwangalia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, patasi iko chini, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia umelala kwenye mapaja kama kitu cha mtu mwingine.

Hospitalini nilikupigia simu nikiwa nimesimama kwenye korido. Nilichokuambia unakijua. "Ni wewe. Ni wewe uliyemwangusha na maneno yako." Nikasikia upepo huko uliko, halafu ukasema, "Sawa, dada." Tangu siku ile sijasikia sauti yako.

Sasa sikiliza, na wote wanaosoma wasikie. Nilijua kwamba Baba alikuwa anaviacha vidonge vyake vya presha. Nilivikuta ndani ya mkebe wa misumari, vingi, wiki mbili kabla hajaanguka. Tulikuwa tumebishana sana juu ya vile vidonge, anasema vinamlegeza mikono na hawezi kuchonga, nami nilikuwa nimechoka kubishana. Nikaufunga mkebe, nikaurudisha palepale. Nikajiambia nitazungumza naye Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine. Halafu pale koridoni daktari akaniuliza, "Dawa alikuwa anameza?" na mimi, mtu wa kuongoza maombi ya akina mama, nikasema ndiyo. Kisha nikasogea pembeni nikakupigia simu, kwa sababu ule mzigo ulikuwa unaniunguza mikono na nilitaka mtu wa kumtupia.

Nimeungama kwa Mungu. Nimeungama kwa Baba, akanipigapiga begani kwa mkono wake mzima kama mtu anayetuliza mbuzi. Umebaki wewe. Nisamehe, mdogo wangu. Sikukosea kwa kutojua.

Niendelee, maana bado swali la rimoti.

Siku zetu sasa ni hivi. Namwamsha, namwosha, namvalisha shati kwa kuanza na mkono uliolala, kama tulivyofundishwa. Namgeuza, namlisha, tunakwenda Machakos kliniki ya mazoezi, tunarudi. Nikipiga magoti kuomba jioni, usingizi unanichukua kabla ya amina, na Mungu wangu amezoea. Silalamiki. Nakuambia tu kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia ambaye ni wa tumbo lile lile.

Mwaka jana Baba alianza kunyooshea kidole ile leso. Nikaifunua tagi. Ilikuwa imechimbwa nusu. Akanipa patasi. "Baba, mimi?" Akaitikia kwa kichwa. Basi mimi, mwanamke ambaye maishani amechonga tu muhogo, nilikaa kwenye kile kigoda, yeye kwenye kiti chake, anaelekeza kwa kidole cha kushoto. "Hapo. Si hapo. Hapo." Nilitoboa ukuta mara mbili, tukaziba kwa nta. Tulipotaka kugundisha kifuniko, gundi ikakataa kushika kwa sababu ya rangi ya viatu, ikabidi nisugue kwa msasa wiki nzima ile kazi yake yote ya kung'arisha. Alinitazama nikiiharibu. Lakini mota ziliingia, na propela zako za kwenye soksi sasa zinaning'inia chini, mbili, nyuma, kama miguu ya bata.

Ikabaki redio. Wewe uliahidi, wewe hupatikani. Nikasema, nitachagua mimi.

Nilikwenda Tala siku ya soko, na kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba nikakuta rimoti iliyoumbwa kama bastola, ina kidude cha kuvuta kwa kidole na gurudumu dogo ubavuni. Nikaona, hii ndiyo. Inashikwa na mkono mmoja, na Baba yuko na mkono mmoja. Nikamuuliza mwenye rundo, "Gari lake liko wapi?" Akaniambia, "Mama, gari lilienda, rimoti ikabaki. Hata kwa watu inatokea." Nikainunua nikicheka peke yangu njia nzima.

Nikaipeleka Machakos mjini kwa Abdi, yule fundi wa redio na simu mwenye kibanda kando ya soko. Akaigeuza geuza, akaficha kicheko kwa heshima.

"Mama, hii ni ya gari. Iko na chaneli mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kukata kona. Wewe uko na propela mbili. Kila moja inataka chaneli ya kasi na chaneli ya kugeuka. Hesabu."

"Nne."

"Nne. Na tena ishike uone." Nikaishika. Mkono wa kushoto unabeba na kuvuta, lakini lile gurudumu la kukata kona linazungushwa na mkono wa kulia. Kwa Baba, ingekuwa mashua ya kwenda mbele tu mpaka igonge.

Akanionyesha nyingine, pana kama kitabu cha nyimbo, ina vijiti viwili. Kijiti kimoja, ukikipeleka mbele na nyuma, ni kasi ya propela ya upande wake, na ukikilaza kulia au kushoto, propela ile inageuka. Kijiti cha pili vivyo hivyo. "Hii ni mikono miwili kabisa," akasema. "Lakini kwa mzee mgonjwa naweza kuunganisha propela zote kwenye kijiti cha kushoto. Zitageuka pamoja, zitakwenda pamoja. Rahisi."

Nikasema, "Rahisisha, Abdi. Rahisisha kila kitu."

Jumapili baada ya ibada tukaishusha kwenye bwawa lililo chini ya kanisa, limejaa mvua za juzi. Akina mama wote na vitambaa vyao vya kichwani, mchungaji amepandisha suruali isiguse matope. Nikamwekea Baba rimoti kwenye mapaja. Akasukuma kijiti. Mutiso, ilikwenda! Ilikwenda ikaacha mkia wa maji nyuma, ikakata kona, ikarudi. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele kama harusi. Mchungaji akasema amina mara tatu. Nami nikawaza, Bwana, angalau hili moja limekuwa jepesi.

Baba akaacha kijiti. Tagi ikasimama katikati ya bwawa.

"Nani anaendesha ile ya pili?" akauliza. Siku hizi maneno yake yanatoka kama yamelowa, lakini haya yalisikika.

"Hakuna mtu, Baba. Zimeunganishwa."

Akaitazama. "Basi si tagi," akasema. "Ni bata."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Nyumbani alikataa chakula. Jioni yote. Na hapo, ndugu yangu, nikashindwa kuwa mkristo. Nilisimama na sahani ya githeri nikamwambia, "Baba, uko na mkono mmoja! Mungu amekuachia mmoja, si uutumie huo huo? Mimi nifanye nini zaidi?" Akaningoja nimalize. Halafu akanyoosha kidole kwenye kijiti cha kushoto.

"Mimi."

Akakipeleka kwenye kijiti cha kulia.

"Mutiso."

Nikakaa chini. Nikamwambia, kwa sauti ya polepole, kwamba nilidhani amekukasirikia. Kwamba siku aliyoanguka alikuwa anachimba kwa hasira. Alinishangaa kweli, kama nimemwambia jua limetoka Magharibi. Ilimchukua muda kulitoa neno zima. "Nilikuwa natengeneza nafasi. Ya redio. Alisema ataleta." Halafu akacheka upande mmoja wa mdomo, ule unaoweza. "Alisema kweli. Ilikuwa kinyago."

Kumbe muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa nimebeba ugomvi wenu. Wenyewe mlikuwa mmeuacha, au yeye alikuwa ameuacha, na wewe ukabaki na ule nilioutengeneza mimi.

Nikarudi kwa Abdi nikamwambia atenganishe. Alishika kiuno. "Mama, watu wote wananiomba nirahisishe. Wewe peke yako unaniomba nigumishe." Lakini alifanya, akaniuliza na swali ambalo sikujua kulijibu, nalo ndilo nakuletea.

Ndani ya kila kijiti kuna springi. Ukikiachilia, kinarudi katikati chenyewe, propela inasimama. Abdi anasema springi hiyo inaweza kutolewa, kijiti kikae pale mkono ulipokiacha. Baba anataka itolewe, anasema mpini wa tagi ya kweli ulikaa ulipoachwa. Mimi naogopa. Mkono wake ukichoka ghafla, mashua itakwenda tu, na kwenye lile bwawa hakuna wa kuogelea kuifuata isipokuwa bata wa kweli. Wewe ndiye uliyezoea mashine hizi. Tuambie.

Kwa sasa springi zimo, na tunajifunza, yeye kijiti cha kushoto, mimi cha kulia, rimoti iko katikati ya mapaja yetu kama watoto wenye kitabu kimoja cha shule. Hatuwezi. Yeye akisukuma mbele mimi nimegeuza pembeni, tagi inazunguka, inazunguka, matope yanapanda juu. Jumamosi alinigeukia akasema, "Ndunge, unaendesha kama unasonga ugali." Akacheka mpaka mate yakamtoka. Nikamfuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti tangu aanguke, na nilicheka naye, na nilikuwa nimechoka sana hata sikujua kama ninacheka au ninalia.

Nimembembeleza tumwombe fundi au jirani ashike kijiti changu, mtu mwenye mikono myepesi. Anakataa. Mimi ananivumilia tu, ninakalia kiti cha mtu.

Sikuiti kwa sababu anakufa. Daktari anasema anaendelea. Nakuita kwa sababu bwawa linashuka. Jana nimepima kwa macho, lile jiwe la kufulia lilikuwa ndani ya maji wakati wa ibada ile, sasa limesimama nje kavu kabisa. Unajua jua la huku. Wiki tano, sita, halafu ni tope la ng'ombe mpaka mvua zijazo, na yeye hukaa pale ukingoni kila jioni akiyatazama maji.

Kama huwezi kuja, sema huwezi, nitamwambia kwa upole. Kama bado una uchungu na mimi, sema pia, ni haki yako, nami nitaubeba. Lakini usininyamazie, mdogo wangu. Kijiti cha kulia hakijui kazi mikononi mwangu.

Tafadhali nijibu upesi. Hata neno moja, springi itolewe au iachwe.

Dada yako,
Ndunge